Mwalimu mlezi asiwe wa kutia saini tu

Kila mwalimu tarajali anayepelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha apangiwe mwalimu mlezi mwenye uzoefu, na mlezi huyo apunguziwe vipindi ili apate muda wa kazi hiyo.

Katika shule nyingi nchini Tanzania, mwanachuo akiripoti hukabidhiwa chaki, kitabu na darasa lililofurika, huku mwenye somo akienda zake kusahihisha madaftari. Mkufunzi wa chuo huja mara chache, hukaa nyuma kipindi kimoja, hujaza fomu na kuondoka. Andalio la somo linaweza kuwa safi kabisa. Lakini ni nani atakayemwambia mwanachuo kwamba amewauliza watoto wa dawati la mbele tu, au kwamba amefuta ubao kabla wale wa nyuma hawajamaliza kunakili?

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unadai umahiri. Aliyejifunza ualimu kwa kubahatisha ataujengaje kwa mtoto?

Walimu wetu ni wachache na wamechoka; kuwabebesha ulezi bila posho wala nafuu ya vipindi ni kuwaonea. Wenye dhamana watenge fungu la posho hiyo katika bajeti ijayo, na walezi wapewe mafunzo kabla wanachuo hawajafika shuleni.