Mzigo Huu Si Wangu Wote

Kila anayeandika kuhusu mkoba wa mwanamke anayefanya kazi hutupa orodha ileile: maji, mwavuli, tishu, pedi, nakala za kitambulisho. Kisha anatusifu: mwanamke makini hujiandaa. Mimi naishi Ihumwa, kazi yangu iko Dodoma mjini, na mkobani mwangu vyote hivyo vimo. Sifa hizo sizitaki. Naomba tukague mkoba, tuulize kila kitu kimo kwa sababu ya nani.

Mwavuli: Dodoma mvua ni za miezi michache, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Muda mwingine wote naufungua kujikinga jua, maana kituo ninachosubiria daladala hakina bati wala mti. Tishu na kipande cha sabuni ni kwa ajili ya vyoo vya ofisi ninakofuatilia mambo yangu.

Pedi: mwaka 2018 serikali iliziondolea VAT. Mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei hazikushuka. Kama mfanyabiashara ndiye hakushusha bei, kwa nini alipe mnunuzi?

Halafu nakala. Tangu mwaka 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Wakala aliyekaa pembeni ya barabara na kimashine chake anaweka kidole changu, ananitambua papo hapo. Ofisi yenye kompyuta na kiyoyozi inataka kopi tatu na paspoti saizi mbili. Nimewahi kupanga foleni nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyetoka kijijini alfajiri. Kitambulisho chake halisi alikuwa amekishika mkononi. Akaambiwa, "Mama, nenda steshenari katoe kopi." Aliporudi, dirisha lilikuwa limefungwa. Nauli ya siku ya pili ilitoka mfukoni mwake.

Mtaniambia tusisubiri kufanyiwa kila kitu. Nakubali. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, nami nabeba mfuko wangu wa kitambaa sokoni bila kunung'unika. Nyanya ni zangu, na sheria ilitangazwa kwa wote. Lakini sabuni ya choo cha ofisi, kivuli cha kituo na kazi ya kunitambua hakuna aliyetangaza kwamba ni juu yangu. Vilihamia mkobani kimyakimya, na sisi tulioweza kuvinunua tukaona huo ndio umakini. Asiyeweza, kama yule mama, anaitwa mzembe.

Kwa hiyo nyinyi waandishi wa orodha, andikeni nyingine. Kituoni: bati na benchi. Chooni: maji na sabuni. Dirishani: kimashine kama cha yule wakala. Mkitaka kumsifu mtu kwa kujiandaa, anzeni na ofisi.