GARI LIPIMWE KWA SAFARI YAKE

Kila siku asubuhi katika miji yetu huonekana magari makubwa, yaliyoundwa kwa ajili ya watu saba na njia za porini, yakimbeba mtu mmoja kutoka nyumbani hadi ofisini, mwendo usiozidi kilomita kumi. Jioni hurudi vivyo hivyo. Petroli inayochomwa katika safari hizo hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, na mara nyingi gari lenyewe limepatikana kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kwa miaka mingi. Hatuna budi kujiuliza: safari ya kazini, sokoni na shuleni yahitaji gari la namna gani?

Swali hili si jipya. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, na katika miaka ya shida iliyofuata magari binafsi hapa nchini yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Huko Marekani, kampuni moja ya Florida ilianza mwaka 1974 kuunda CitiCar, gari dogo la watu wawili lililoendeshwa kwa betri. Betri zake za risasi zilikuwa nzito na mwendo wake ulikuwa mdogo. Yaliundwa maelfu machache tu, lakini wazo lenyewe halikufa.

Leo wazo hilo limekomaa. Mwaka 2020 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilianza kuuza Ami, gari la umeme la viti viwili lenye urefu wa mita 2.41. Mwendo wake hauzidi kilomita 45 kwa saa. Betri yake huchukua uniti 5.5, hujazwa kwa saa tatu hadi nne katika soketi ya kawaida ya nyumbani, na huweza kulifikisha gari umbali wa kilomita 75 hivi. Kwa bei ya umeme wa majumbani nchini mwetu, uniti hizo hazifiki thamani ya lita moja ya petroli. La kutia moyo zaidi ni kwamba gari hilo huundwa katika bara letu, mjini Kenitra, Morocco.

Hata hivyo, tusidanganyane. Gari la namna hii si la safari za mikoani, wala si la kushindana na malori na mabasi katika barabara kuu. Magurudumu yake madogo hayastahimili mashimo. Betri huchakaa, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Mpangaji anayechangia LUKU moja na wenzake atachaji wapi bila kuzua ugomvi? Na yule ambaye basi la kuaminika hupita karibu na nyumba yake hana haja ya gari lolote.

Kwa hiyo hatumshauri kila mtu akimbilie kununua. Tunashauri matayarisho. Marekani iliyaweka magari ya mwendo mdogo katika fungu lake la sheria mwaka 1998, yasizidi kilomita 40 kwa saa na yawe na taa, vioo na mikanda. Kwetu pia sheria ieleze waziwazi magari hayo yapite barabara zipi na yawe na kinga gani. Ofisi na shule ziweke mahali pa kuchaji, na kila mtumiaji alipie umeme wake. Betri zilizochakaa ziwe na njia maalumu ya kukusanywa, zisije zikatupwa mabondeni.

Umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Nguvu hiyo ni maji yetu wenyewe. Petroli ni ya kuagizwa. Lililobaki ni kuhakikisha umeme huo unafika mitaani bila kukatika.

Watumishi wa umma na walimu ndio wanaotazamwa na jamii. Kabla ya kutia saini mkopo wa gari, kila mmoja aandike safari zake za wiki nzima: umbali wake, idadi ya abiria na hali ya njia. Karatasi hiyo itamshauri vizuri kuliko macho ya jirani. Heshima ya mtumishi i katika kazi yake, wala haipimwi kwa ukubwa wa gari lake.