Kipusa Hakina Miguu

Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, imejaliwa mapori ya akiba matatu yanayopakana: Rungwa, Kizigo na Muhesi. Hadi miaka ya 1970 faru walikuwa wakiishi katika mapori hayo na katika Hifadhi jirani ya Ruaha. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa karibu wamekwisha. Hawakumalizwa na ukame wala maradhi. Walimalizwa na majangili waliotumwa na walanguzi wa vipusa.

Hasara hiyo ililikumba bara zima. Mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na faru weusi 65,000. Mwaka 1995 walibaki wapatao 2,400 tu. Wala sheria hazikukosekana. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na mwaka 1977 biashara ya vipusa ilipigwa marufuku kimataifa. Kilichokosekana ni utekelezaji.

Kipusa hakina miguu. Ili kitoke porini na kufika Yemen kufanywa mpini wa jambia, au Asia ya Mashariki kutiwa katika dawa, hakina budi kupita katika vizuizi vya barabarani, stesheni na bandari. Kila kinapopita salama, ama mtumishi fulani amelala kazini, ama amezibwa macho kwa hongo. Mlanguzi hutajirika; mwanakijiji aliyefyatua risasi hubaki na umaskini wake na hofu ya kufungwa.

Operesheni Uhai ya mwaka 1989 ilithibitisha kwamba Serikali ikiamua, ujangili hurudi nyuma. Lakini faru jike hubeba mimba kwa miezi 15 au zaidi na huzaa ndama mmoja tu. Waliouawa kwa siku moja hawarudi kwa miaka kumi. Ndiyo maana mwaka 1997 nchi iliyokuwa na maelfu ya faru ililazimika kupokea wachache kutoka Afrika Kusini ili kuanzisha kizazi kipya huko Mkomazi.

Tembo wa Rungwa wangalipo, na pembe zao zina wanunuzi. Kwa hiyo ni wajibu wa mwalimu kuwafundisha watoto wa Manyoni kwamba kipusa ni kitu cha jamii ya kucha, wala si dawa. Ni wajibu wa mtumishi kukagua kila mzigo na kila kibali bila kuoneana haya. Mali ya Taifa ikipotea mikononi mwa aliyekabidhiwa kuilinda, lawama haiishii kwa mwizi.