Waraka kwa Washarika Wote: Nyoka wa Shaba wa Siku Zetu

Wapendwa wazee wa kanisa, wainjilisti, viongozi wa jumuiya na washarika wote,



Tunawaandikia juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu taratibu, tena likiwa limevaa vazi la ibada. Ikitajwa sanamu, wengi wetu huwaza mizimu na matambiko. Kwa kuwa tulivikana siku ya ubatizo, tunajiona tumeshavuka. Sanamu inayotunasa leo huuzwa mlangoni pa mkutano wa injili, imebandikwa picha ya mtumishi, nasi tunarudi nayo nyumbani tukiimba.

Tunapopita kuombea wagonjwa na kubariki biashara, tunaviona vitu hivi: kichupa cha mafuta ya upako juu ya kabati, chumvi iliyonyunyizwa kizingitini, kitambaa cha maombi ndani ya droo ya fedha, stika ya nabii kwenye kioo cha bajaji. Yuko mpendwa asiyefungua duka asubuhi mpaka apake kufuli mafuta. Siku akisahau, mchana kutwa moyo wake hautulii, na mteja akipungua anajua sababu ni hiyo. Bibi yake angefunga hirizi mlangoni kwa hofu hiyo hiyo.

Hatusemi mafuta ni dhambi. Mitume waliwapaka wagonjwa mafuta (Marko 6:13), na Yakobo anaagiza wazee wa kanisa wafanye hivyo (Yakobo 5:14). Lakini soma mstari unaofuata: anayemwinua mgonjwa ni Bwana, kwa maombi ya imani. Mafuta ni ishara tu, na Yakobo hakuyawekea bei.

Someni tena habari za nyoka wa shaba. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwagiza Musa amtengeneze, na walioumwa na nyoka jangwani walimtazama wakapona (Hesabu 21). Ulikuwa muujiza wa kweli. Zaidi ya miaka 500 baadaye, wana wa Israeli walikuwa wakiifukizia uvumba shaba ile ile, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Hakuivunja kwa sababu ilikuwa ya mganga. Aliivunja kwa sababu watu walikiacha chanzo cha uponyaji wakashika chombo. Kwa hiyo kusema "mbona mimi nilipona" hakutoshi kutetea kichupa. Hata nyoka wa shaba alikuwa na ushuhuda.

Sanduku la Agano nalo lilitoka kwa Mungu. Israeli walipolibeba vitani ili liwaokoe, huku maisha ya makuhani wao yakiwa yameoza, walipigwa, askari 30,000 wakaanguka, na Sanduku likatekwa (1 Samweli 4). Mungu hakubali kubebwa kama kinga.

Wala hatuzungumzi juu ya mambo ya kale tu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20, wakiwamo watoto, walikufa katika msongamano wa waumini waliokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wale walikuwa ndugu zetu, wamebeba magonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika. Hatuwahukumu, tunawalilia. Swali linatuhusu sisi: nani aliwafundisha kwamba neema ya Mungu imemwagwa mahali pamoja sakafuni, na kwamba atakayechelewa ataikosa? Na sisi wazee tulikuwa wapi walipokuwa wakihitaji mtu wa kuomba nao?

Kwa hiyo, wapendwa, tunawasihi:

1. Kila mmoja ajipime. Kichupa au kitambaa chako kikipotea leo, je, amani yako itapotea nacho? Kama ndivyo, kitoe nyumbani. Usimpe jirani.

2. Msinunue kile ambacho Mungu hutoa bure. Elisha alikataa zawadi za Naamani. Gehazi aliyezifuata mbio alirudi na ukoma (2 Wafalme 5). Petro alimkemea Simoni aliyetaka kununua karama kwa fedha (Matendo 8). Ada ya mtoto na posho ya chakula nyumbani visigeuzwe kuwa sadaka ya "mbegu" kwa vitisho vya mtu yeyote.

3. Mheshimuni mtumishi, msimwabudu. Kule Listra watu walipotaka kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu, wao walirarua mavazi yao (Matendo 14). Mtumishi anayefurahia kuogopwa, mwogopeni.

4. Asiache mtu dawa za hospitali kwa sababu ya mafuta, maji au unabii. Tunaomba, na dawa tunameza.

5. Viongozi wa jumuiya, msingoje watu waende kutafuta. Mgonjwa aombewe nyumbani kwake wiki hiyo hiyo. Aliyefilisika atembelewe, asaidiwe, afundishwe. Vichupa hupata soko pale kanisa linapochelewa.

Baraza la Wazee litampokea bila kumwaibisha yeyote atakayetaka kuviondoa vitu hivi, nasi tutaomba naye. Waraka huu usomwe katika ibada zote na ujadiliwe katika kila jumuiya, Biblia zikiwa zimefunguliwa.

Mungu aliye hai, asiyehitaji chupa wala picha, awalinde na kuwashibisha kwa Neno lake.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa Kanisa, kwa niaba ya Baraza la Wazee