Meseji ya Mama Saa Tisa Usiku Ijibiwe na Nani?

Nchini Kenya mama mjamzito anaweza kuuliza swali lolote la uzazi kwa meseji bila kulipa hata senti. Huduma hiyo, iitwayo PROMPTS, inaendeshwa na shirika la Jacaranda Health kwa kushirikiana na serikali za kaunti, na imeshawafikia akina mama zaidi ya milioni mbili. Akishasajiliwa, mama huanza kupokea ujumbe unaokwenda na umri wa mimba yake, na akiwa na swali anaandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, au kwa kuchanganya kama anavyozungumza nyumbani. Kompyuta inalisoma swali na kupambanua kama ni la dharura au linaweza kusubiri, kisha la dharura linapelekwa kwa wahudumu wenye ujuzi wa tiba. Mwaka 2023 shirika hilo lilizindua UlizaLlama, mfumo wa akili mnemba uliofunzwa Kiswahili ili majibu yatoke upesi na kwa lugha ya muulizaji.

Huduma ya namna hii ilibuniwa kwa ajili ya hatari za mwili: damu, presha, homa, uchungu unaoanza kabla ya siku zake. Ila mwili na moyo havitumi meseji tofauti. "Mtoto hachezi tangu asubuhi" ni dalili ya kumkimbiza mtu hospitali. Yanaweza pia kuwa maneno ya mama aliyepimwa jana, akahakikishiwa kwamba mtoto ni mzima, na bado hakulala usiku kucha. Ndivyo alivyo pia mwenye kifungua mimba anayeamka kila mara kuweka kiganja kifuani kwa kichanga aone kama anapumua. Taarifa anazo tayari. Kinachomshinda ni kutulia.

Je, simu inaweza kumtuliza? Swali hili ni la umma, kwa sababu wizara za afya, wafadhili na kampuni za teknolojia wanaweka fedha na matumaini mengi katika huduma za simu. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba inaweza, kwa sharti moja zito: anayeshika upande wa pili awe binadamu aliyefunzwa, na iwepo kliniki ya kumpokea mama akizidiwa. Bila hivyo, huduma hiyo inamfanya mama afunue jeraha kisha imwache nalo.

Tatizo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Wasiwasi uliopindukia mara nyingi huandamana na sonona, lakini hautambuliwi upesi kwa sababu kwa nje unafanana na uangalifu wa mama mwema. Kila mjamzito huwaza, na kuwaza huko kuna faida yake. Hali hugeuka pale mawazo yanapomkosesha mama usingizi hata mtoto akiwa amelala fofofo, yanapomfanya akwepe kliniki kwa kuogopa majibu, moyo unapomwenda mbio mchana kweupe wala hakuna lililotokea. Tafiti zimeuhusisha wasiwasi wa kiwango hicho na watoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Wapo wanaosema kwamba Waswahili walishalimaliza jambo hili zamani kwa arobaini. Mzazi alikaa ndani, akakandwa, akapewa uji wa pilipili manga, kazi za nyumba zikabebwa na wengine. Desturi hiyo ina hekima kubwa, na anayeipata hadi leo ana bahati. Lakini mwanamke aliyejifungulia chumba cha kupanga Mbagala au Kayole, mama yake akiwa Kigoma au Vihiga, hana wa kumkanda, na pengine wiki ya tatu inamkuta amesharudi kwenye genge lake. Hata pale arobaini inapotimizwa, humfikia mwanamke baada ya kujifungua. Hofu ya miezi tisa haikutengewa siku zake. Katika nyumba nyingi mjamzito alihimizwa aifiche mimba, na hofu akaificha pamoja nayo.

Pengo hilo limejazwa na makundi ya WhatsApp na Facebook. Faida yake ni ya kweli: saa tisa usiku daima kuna mama mwingine aliye macho, ananyonyesha, na neno lake "hata mimi nilipitia hapo" linaweza kufanya kazi ambayo mawaidha ya mchana hayakuifanya. Hasara nayo ni ya kweli. Mmoja akisimulia mtoto aliyefia tumboni, wenzake wote usiku huo wanahesabu mateke. Muuzaji wa dawa za kusafisha kizazi anajipenyeza. Aliyejifungua kwa upasuaji anaambiwa hakuzaa. Panapokosekana msimamizi aliyefunzwa, kundi lililoanzishwa kupunguza hofu huigawa hofu ya mmoja kwa wote.

Makundi ya mtandaoni yanaweza kusimamiwa vizuri zaidi. Shirika la Postpartum Support International, lililoanzishwa California mwaka 1987, huendesha makundi ya bure yanayoongozwa na watu waliofunzwa kazi hiyo. Serikali ya Marekani nayo ilifungua Mei 2022 namba ya taifa ya afya ya akili ya akina mama, inayopatikana saa 24 kwa kupiga au kutuma ujumbe, na anayejibu ni mshauri aliyeandaliwa. Yote mawili yanategemea mtandao na simu, lakini yamewekwa mikononi mwa watu.

Utafiti nao unaonyesha kwamba mafunzo ya mtandaoni yanaweza kupunguza wasiwasi. Nchini Australia wanasayansi waliwagawa wajawazito 87 wenye wasiwasi au sonona katika makundi mawili, na moja wakalipa mafunzo mafupi ya mtandaoni yaitwayo MUMentum: masomo matatu yanayotumia tiba ya fikra na mwenendo, yaani kumfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomtisha, kuyahoji, na kurudia polepole yale anayoyakwepa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopata mafunzo hayo walipungukiwa na wasiwasi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Ila hiyo ni nchi yenye intaneti ya kutegemewa na daktari wa familia wa kumkimbilia mambo yakiharibika.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali ya Afrika Mashariki umetoka Rawalpindi, Pakistan. Katika hospitali ya umma ya Holy Family, wajawazito wenye dalili za wasiwasi walikutana ana kwa ana na watoa huduma wasio mabingwa, waliofunzwa tiba hiyohiyo ya fikra na mwenendo. Wiki sita baada ya kujifungua, asilimia 9 ya waliohudumiwa walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati au kikali, dhidi ya asilimia 27 ya ambao hawakuhudumiwa hivyo. Kwa sonona tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 12 dhidi ya 41. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Medicine, na yanavunja hoja kwamba nchi yenye mabingwa wachache haina la kufanya ila kuwaachia akina mama programu za simu. Watu wa kazi hii wanaweza kufunzwa.

Kuna sababu nyingine ya kutaka binadamu awepo. Kipimo cha sonona ya akina mama kinachotumika zaidi duniani, kile cha Edinburgh kilichochapishwa mwaka 1987, kina maswali kumi. Matatu kati yake yanagusa wasiwasi: kujilaumu bila sababu, kuhangaika, na kushikwa na woga. Swali la kumi linauliza kama mama amefikiria kujidhuru katika siku saba zilizopita. Kuliweka swali hilo ndani ya simu ni rahisi mno. Lakini mama akijibu "ndiyo" usiku wa Jumamosi na jibu hilo likakaa kwenye kompyuta hadi Jumatatu, aliyemuuliza amebeba dhamana asiyoweza kuitimiza. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua unapendekeza akina mama wachunguzwe sonona na wasiwasi, na hapohapo unasisitiza kwamba uchunguzi uambatane na huduma za utambuzi na tiba.

Programu zenyewe pia hazina uhakika wa kudumu. Kampuni ya Woebot ya Marekani ilipata mwaka 2021 hadhi maalumu kutoka mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kwa mfumo wake uliolenga sonona baada ya kujifungua. Juni 30, 2025, programu yake ya mazungumzo ilifungwa. Mama aliyezoea kuzungumza nayo hakuwa na kliniki ya jina hilo ya kwenda kugonga mlango.

Tena si kila mama yuko mtandaoni. Chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kimeonyesha kwamba wanawake Kusini mwa Sahara wako nyuma ya wanaume kwa takriban theluthi moja katika kutumia intaneti ya simu. Meseji ya kawaida, isiyohitaji bando wala simujanja, bado ndiyo inayofika mbali. Tanzania ililijua hilo mwaka 2012 ilipoanzisha huduma ya meseji ya Wazazi Nipendeni, ambayo mtu alijisajili bure kwa kutuma neno "mtoto" kwenda 15001. Lakini simu nyingi ni za nyumba nzima. Ujumbe unaouliza "unajisikiaje moyoni?" unaweza kufunguliwa na mume au mama mkwe kabla ya mlengwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina yake ya taarifa binafsi ya 2022, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Sheria hizo hazifiki sebuleni. Huduma yenyewe ndiyo inayopaswa kumpa mama saa ya kuchagua kuandikiwa, na maneno yasiyomfichua.

Mfano wa namna ya kufanya upo hapahapa. Mfumo wa m-mama wa Tanzania, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa umeenea nchi nzima, unampa mwenye dharura ya uzazi namba 115. Kituo kinamtafutia gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na kulipwa kwa simu. Umefanikiwa kwa sababu baada ya kupiga, gari huja. Wasiwasi nao unahitaji gari lake, na wa kuliendesha tayari wanaandaliwa: mpango uliozinduliwa Tanzania Januari 2024 unalenga wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, na Kenya ilizindua zaidi ya 100,000 Septemba 2023, wakiwa na mabegi ya vifaa na simu za kazi.

Wahudumu hao hupita nyumba kwa nyumba, wanajua nani amejifungua na nani kafiwa. Wakifunzwa kama wale wa Rawalpindi, simu inapata mtu wa kumtuma. Maswali matatu ya wasiwasi ya kipimo cha Edinburgh yaingizwe katika mahudhurio ya kliniki, ambayo tangu 2016 WHO inapendekeza yawe manane kwa kila mimba, na yarudiwe kwa meseji baada ya kujifungua. Kaunti na halmashauri zitenge fungu la kuwalipa wauguzi wa zamu ya usiku wanaojibu. Mikataba na wafadhili itamke nani ataendesha huduma fedha zao zikiisha. Na ripoti za mwaka, badala ya kutaja waliosajiliwa peke yao, zieleze ni akina mama wangapi walisema hawalali kwa hofu, wangapi kati yao walipigiwa simu na mtu siku hiyohiyo, na wangapi walifika kliniki wakahudumiwa.