Usiuze misindano michanga kabla ya kupiga hesabu

Ndugu mkulima, ada za shule zikikaribia, hapa Matembwe hukosi kusikia mtu kauza misindano ya miaka 8. Tuseme unapewa milioni 1.5 leo, lakini ukisubiri miaka 6 utauza milioni 4. Ipi kubwa? Usikisie.

Fungua Excel kwenye simu, andika =PV(12%,6,0,-4000000). Jibu ni kama 2,026,500. Yaani kwa riba ya 12% kwa mwaka, hiyo ndiyo thamani ya leo ya ile milioni 4. Unaogopa moto? Weka 17%, bado inakuja kama 1,559,000. Kwa hiyo hiyo 1.5 unapunjwa.

Ada ikibana kweli, uza miti michache. Shamba liache likue.