Old skool si mixi ya sekunde arobaini

Wasee, kuna kitu kimenikera tangu Jumamosi na lazima nikiseme.

Nilikuwa kwa mathree kutoka Kisii kurudi Nyamira, dereva ameweka mixi ya old skool. E-Sir anaanza kurapu, mathree nzima inatingisha kichwa, na kabla afike beti ya pili king'ora cha DJ kinalia, amekatwa. Nonini anaingia. Naye anakatwa. Tulifika steji nikiwa nimesikia ngoma kama thelathini na sijasikia hata moja.

Halafu mnakuja kuniambia eti Kenya ya miaka ya 2000 haikuwa na albamu, ilikuwa na hit moja moja tu. Nani aliwaambia? Si ni huyo DJ?

Chukua "Nimefika" ya E-Sir, 2003, kazi ya Ogopa Deejays. Nyinyi mnajua "Boomba Train" na "Leo ni Leo", basi, mmefunga kesi. Iskizeni yote. Huyo jamaa wa South C alikuwa anakipanga Kiswahili mpaka unasahau kuna biti. Alikufa kwa ajali Machi 2003 akitoka shoo Nakuru, akiwa na miaka 21. Ishirini na moja! Mimi nimeshampita umri, nimeacha chuo, na kitu pekee nimemaliza mwaka huu ni bando.

Lakini ile inayoniuma zaidi ni "Kilio cha Haki", 2004. Ukoo Flani Mau Mau, vijana wa Dandora na wa Mombasa kwa albamu moja. Polisi, njaa, mtaa. Ushawahi kuisikia kwa mixi? Hutawahi. Haichezeki klabu. Na hapo ndipo shida iko: DJ hakati ngoma tu, anatuchagulia cha kukumbuka. Amebakisha sherehe, amekata kilio, na sasa sisi tuliozaliwa wakati huo tunadhani wakubwa wetu walikuwa wanakatika tu miaka kumi mfululizo. Hata Kalamashaka, waliofungua hiyo njia wakitokea Dandora hiyo hiyo, ukiwataja hapa Nyamira mtu wa miaka 18 anakuuliza hiyo ni sabuni gani.

Sisemi kila kitu kilikuwa dhahabu. "Juacali Sekta" ya 2006 naipenda sana, genge tupu kutoka California, lakini kuna ngoma za katikati hata mimi huruka. Sawa. Angalau naruka nikijua naruka nini.

Bro wangu alikuwa na "Nimefika" kwa CD ya kuchoma aliyonunua Kisii. Ndiyo, ya kuchoma, msanii hakupata hata shilingi, na hiyo ni aibu yetu nyingine. Ilipoanza kukwama tuliipaka dawa ya meno, tukaifuta na fulana, ikacheza mwezi mmoja zaidi. Watu walikuwa wanapigania albamu hivyo. Wewe una simu inayoweza kucheza yote na bado unangoja DJ akukatie vipande kama ndizi ya kuchemsha.

Jumamosi naenda na flashi yangu kwa huyo dereva. Ngoma ya kwanza mpaka ya mwisho, Kisii hadi Nyamira. Akikata, nashuka hapo hapo na anirudishie nauli yangu.